Mwongozo kamili wa kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa wodini katika hospitali ya rufaa

Wauguzi na madaktari wapya wa hospitali za rufaa huja na lalamiko lile lile: vipimo vilichukuliwa kila zamu, chati imejaa, na bado mgonjwa alikutwa alfajiri akiwa hoi, akakimbizwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi wakati umeshapita. Chati hizo zikifunguliwa upya, mara nyingi dalili huonekana zilikuwapo saa kadhaa kabla. Ama kipimo chenyewe hakikuwa cha kweli, ama hakuna aliyekisoma pamoja na vingine, ama simu iliyopaswa kupigwa haikupigwa.

Mwongozo huu unashughulikia mambo hayo matatu kwa utaratibu. Unamhusu mgonjwa wa miaka 16 na kuendelea ambaye si mjamzito, kwa sababu watoto na wajawazito wana viwango na chati zao.

Hospitali ya rufaa ina ugumu wake. Mgonjwa hufika akiwa ameugua muda mrefu, pengine ana maradhi mawili au matatu, na timu kadhaa za mabingwa humshughulikia kwa pamoja. Ni rahisi kila timu kudhani kwamba nyingine ndiyo inayomwangalia. Anayebaki naye usiku kucha ni muuguzi wa wodi, na huyo ndiye ninayemwandikia zaidi.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Saa yenye mshale wa sekunde.
- Mashine ya presha yenye mikanda ya saizi zaidi ya moja, ukiwamo mkubwa kwa wenye mikono minene.
- Kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni, pamoja na dawa ya kuondoa rangi ya kucha.
- Kipimajoto kilichohakikiwa.
- Kipimo cha sukari na vijiti vyake.
- Mtungi au bomba la oksijeni lililojaribiwa mwanzoni mwa zamu, barakoa na mashine ya kufyonza makohozi.
- Chati ya uangalizi yenye nafasi ya kujumlisha alama za hatari (tazama Hatua ya 5), inayokaa kitandani kwa mgonjwa.
- Orodha ya simu za zamu ya leo: daktari wa wodi, daktari mwandamizi, timu ya dharura na chumba cha wagonjwa mahututi.

Orodha ya simu huonekana jambo dogo, lakini ndiyo inayokosekana mara nyingi kuliko mashine. Namba ya daktari aliyekuwa zamu juzi haimsaidii mgonjwa wa leo. Iandikwe upya kila zamu inapobadilika, na mtu mmoja apewe jukumu hilo kwa jina.

## Hatua ya 1: Ijue hali ya kawaida ya mgonjwa huyu

Kabla ya kupima chochote, soma jalada na uandike juu ya chati mambo manne: presha yake ya kawaida, kama ana ugonjwa sugu wa mapafu unaobakiza hewa chafu mwilini, kama figo zake zinafanya kazi, na dawa anazotumia zinazoweza kuficha dalili.

Sababu yake ni kwamba namba ileile haina maana moja kwa watu wote. Presha ya juu, yaani namba ya kwanza kati ya zile mbili, ikisoma 115 kwa kijana mwenye afya, hakuna shaka. Kwa mzee ambaye kila siku husoma 165, hiyo 115 ni anguko la 50 na inahitaji maelezo hata kama chati haitampa alama yoyote. Vivyo hivyo, anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo anaweza kuwa anavuja damu ndani huku mapigo yake yakibaki 80.

Onyo: karatasi ya rufaa kutoka hospitali ya awali isiishie kwenye mikono ya daktari aliyempokea. Humo ndimo mara nyingi mna presha na kiwango cha sukari alichokuwa nacho kabla ya kuanza kuzidiwa.

Umefanikiwa ikiwa mwenzako akishika chati hiyo bila wewe kuwapo ataweza kusema, kwa sentensi moja, mgonjwa huyu huwaje akiwa katika hali yake ya kawaida.

## Hatua ya 2: Hesabu pumzi kwa dakika nzima

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi inapoharibika.

Kasi ya kupumua ni miongoni mwa dalili zinazobadilika mapema kabisa mwili unapoanza kushindwa, iwe kwa maambukizi yaliyosambaa, damu inayovuja, tindikali kuzidi kwenye damu au mapafu kujaa maji. Ndicho pia kipimo pekee ambacho kwa kawaida hakina mashine wodini, na kwa hiyo ndicho kinachokisiwa. Nimewahi kupita wodi nzima, kitanda kwa kitanda, nikakuta wagonjwa wote wameandikiwa pumzi 20. Mmoja wao, mama aliyekuwa ameegemea mto akipumua kwa mabega, nilimhesabia 34.

Fanya hivi. Shika kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba unahesabu mapigo, usimwambie kwamba unahesabu pumzi, kwa maana mtu akijua anaangaliwa anavyopumua hubadilisha mwendo wake. Tazama kifua au tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 60 kamili. Ukihesabu 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne, na hizo zinatosha kumhamisha mgonjwa kutoka hatari hadi usalama kwenye karatasi tu.

Unapohesabu, tazama mengine: je, anatumia misuli ya shingo? Anaweza kumaliza sentensi bila kukatiza? Pua zinatanuka? Yaandike pembeni ya namba.

Onyo: pumzi 8 au pungufu kwa mgonjwa aliyepewa dawa kali za maumivu, kama mofini, ni dharura hata kama anaonekana amelala kwa raha. Mwamshe. Asipoamka kwa urahisi, usimwache peke yake. Ita msaada ukiwa palepale.

Umefanikiwa ikiwa namba za pumzi kwenye chati za wodi yako zinatofautiana. Wodi ambayo kila mtu ana 18 au 20 haijahesabiwa.

## Hatua ya 3: Pima oksijeni, mapigo, presha na joto

Oksijeni. Weka kifaa kwenye kidole chenye joto, kisicho na rangi wala hina kwenye ukucha, na usubiri hadi mapigo yanayoonyeshwa yatulie. Linganisha mapigo hayo na unayoyahisi kwa vidole. Yakipishana sana, usiamini usomaji wa oksijeni. Kumbuka pia kwamba kifaa hiki kinaweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, hivyo asilimia 93 kwa mgonjwa anayehema isikutulize. Andika sikuzote kama anapumua hewa ya kawaida au yuko kwenye oksijeni, na kwa lita ngapi. Asilimia 97 kwa lita 10 ni habari ya mgonjwa mwingine kabisa na asilimia 97 bila oksijeni.

Mapigo. Yahesabu kwa vidole angalau mara moja kila zamu, kwa sababu mashine haikuambii kama yanaruka au ni dhaifu. Ukiwa umeshika mkono, hisi pia kama ni wa baridi au una jasho.

Presha. Mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mkanda mkubwa kwa mkono mwembamba husoma chini. Mkono uwe usawa wa moyo. Usipime kwenye mkono wenye mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafisha damu, kwani unaweza kuziba, na mgonjwa wa figo akapoteza njia yake ya tiba. Mashine ikisoma presha usiyoitarajia, rudia kwa mkono kabla ya kuandika, lakini usirudie mara tano ukitafuta namba inayokufurahisha.

Presha huchelewa kushuka, hasa kwa vijana. Mwili hubana mishipa na kuongeza mapigo ili kuilinda, kisha huachilia kwa mkupuo mmoja. Anayesubiri presha ishuke ndipo amwite daktari, amesubiri mno.

Joto. Homa ni rahisi kuiona. Inayosahaulika ni baridi: mzee, au mtu ambaye kinga yake imedhoofika, anaweza kuwa na maambukizi mazito huku joto lake likisoma 35.

Mkojo hauhesabiwi kwenye alama za chati nyingi, lakini kwa mgonjwa mwenye mpira wa mkojo pima kila saa pale unapokuwa na wasiwasi. Chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, yaani chini ya mililita 30 kwa mtu wa kilo 60, ni ishara kwamba figo hazipati damu ya kutosha, au kwamba mpira umeziba au umejikunja. Angalia mpira kwanza.

## Hatua ya 4: Pima fahamu kwa kuzungumza naye

Zungumza na mgonjwa. Mwulize yuko wapi, ni siku gani, na nini kimemleta. Kisha mweke kwenye moja ya makundi haya: yuko macho na fahamu kamili, amechanganyikiwa na hakuwa hivyo awali, anaitikia sauti tu, anaitikia maumivu tu, haitikii kabisa.

Kuchanganyikiwa kulikoanza leo ni dalili nzito inayochukuliwa kirahisi, hasa kwa wazee, ambao husemwa tu kwamba ni umri. Mwulize ndugu anayemuuguza: “Mama, huyu mzee ndivyo alivyo siku zote?” Ndugu akisema baba yangu leo si yeye, liandike neno hilo na ulichukulie kama kipimo.

Onyo la kwanza: hospitali ya rufaa hupokea wagonjwa kutoka mbali, na wapo wasiojua lugha unayoitumia. Asiyekuelewa si aliyechanganyikiwa. Tafuta mkalimani, hata kama ni mgonjwa wa kitanda cha pili, kwa maswali haya mepesi.

Onyo la pili: usiandike “amelala vizuri” saa 8 usiku bila kumgusa. Mgonjwa aliye hatarini aamshwe. Kila mabadiliko ya fahamu yafuatwe papo hapo na kipimo cha sukari; ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, umepata sababu inayotibika kwa dakika chache.

## Hatua ya 5: Jumlisha alama

Namba moja moja hudanganya. Ndiyo maana tunajumlisha. Kama hospitali yako ina chati yake, itumie hiyo. Kama haina, kipimo cha NEWS2 kilichotolewa na Royal College of Physicians ya Uingereza mwaka 2017 kinatumika sana, na alama zake ni hizi:

- Pumzi kwa dakika: 8 au chini, alama 3; 9 hadi 11, alama 1; 12 hadi 20, alama 0; 21 hadi 24, alama 2; 25 na zaidi, alama 3.
- Oksijeni: asilimia 96 na zaidi, alama 0; 94 hadi 95, alama 1; 92 hadi 93, alama 2; 91 au chini, alama 3.
- Akiwa kwenye oksijeni, ongeza alama 2.
- Presha ya juu: 90 au chini, alama 3; 91 hadi 100, alama 2; 101 hadi 110, alama 1; 111 hadi 219, alama 0; 220 na zaidi, alama 3.
- Mapigo: 40 au chini, alama 3; 41 hadi 50, alama 1; 51 hadi 90, alama 0; 91 hadi 110, alama 1; 111 hadi 130, alama 2; 131 na zaidi, alama 3.
- Fahamu: kamili, alama 0; kundi jingine lolote, alama 3.
- Joto: 35.0 au chini, alama 3; 35.1 hadi 36.0, alama 1; 36.1 hadi 38.0, alama 0; 38.1 hadi 39.0, alama 1; 39.1 na zaidi, alama 2.

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu aliyethibitishwa na daktari kwamba lengo lake la oksijeni ni asilimia 88 hadi 92 ana safu yake ya pili ya oksijeni kwenye chati hiyo. Usimhamishie mgonjwa kwenye safu hiyo kwa uamuzi wako mwenyewe.

Tuchukue mgonjwa wa siku ya pili baada ya upasuaji wa tumbo. Pumzi 23, oksijeni 95 akiwa kwenye lita 2, presha 108 kwa 62, mapigo 112, joto 37.9, anazungumza vizuri na anaomba maji. Hakuna namba hata moja hapo ya kumfanya mtu akimbie. Jumlisha: 2, 1, 2, 1, 2, 0, 0. Jumla ni 8, na hiyo ni dharura. Pengine mshono wa utumbo umeachia, na kesho yake presha ingekuwa 70.

Alama 0 humtaka mgonjwa apimwe angalau kila saa 12. 1 hadi 4, kila saa 4 hadi 6. 5 au 6, au 3 kwenye kipimo kimoja, angalau kila saa moja na daktari aitwe haraka. 7 na zaidi, uangalizi usiokatika na timu ya dharura.

Onyo: alama ndogo haifuti wasiwasi wako. Ukimtazama mgonjwa na moyo ukakuambia kuna jambo, mwite daktari na useme hivyo hivyo.

## Hatua ya 6: Anza kumsaidia kabla daktari hajafika

Usiondoke kitandani, mtume mwenzako alete vifaa. Anayehema mwinue akae. Ambaye presha imeshuka mlaze chali. Asiye na fahamu lakini anapumua mgeuze ubavu, isipokuwa kama shingo yake inashukiwa kuumia, na ufyonze makohozi yaliyo kinywani.

Mpe oksijeni ikiwa iko chini ya lengo lake. Hakikisha sindano ya mshipani inapitisha. Pima sukari. Kama anaongezewa damu na hali imebadilika, simamisha damu mara moja, acha sindano ya mshipani mahali pake ikiwa wazi, na utunze mfuko kwa uchunguzi. Funua shuka: tazama kidonda, mirija ya kutolea uchafu, mfuko wa mkojo na godoro chini ya mgonjwa, maana damu inaweza kujikusanya chini ya mgongo asione mtu.

Dawa ambazo hazimo kwenye idhini yako au kwenye mwongozo wa wodi zisubiri agizo.

## Hatua ya 7: Piga simu kwa mpangilio unaoeleweka

Simu nyingi hushindwa kwa sababu huanza na hadithi ndefu na kuishia bila ombi. Daktari aliyeamshwa usiku anahitaji mambo manne kwa mpangilio: kinachotokea sasa, historia fupi, unavyoona wewe, na unachokitaka. Kwa mfano:

“Daktari, ni muuguzi wa zamu wodi ya upasuaji, kitanda namba 12. Nakupigia kwa sababu mgonjwa ana alama 8, saa nne zilizopita alikuwa na 3, na timu ya dharura imeshaitwa. Ni siku ya pili baada ya upasuaji wa utumbo. Pumzi 23, oksijeni 95 kwa lita 2, presha 108, mapigo 112, tumbo limekaza. Nahofia mshono umeachia. Naomba uje kumwona ndani ya dakika 15. Wakati nakusubiri, nichukue damu ya vipimo?”

Anza na namba, kisha maoni yako, kisha muda. Kusema “mgonjwa hayuko vizuri sana” humruhusu msikilizaji arudi kulala. Agizo lolote la dawa kwa simu lirudie kwa sauti, jina la dawa na kipimo chake, naye athibitishe.

Andika saa uliyopiga, uliyezungumza naye na alichojibu. Asipofika katika muda mliokubaliana, mpigie tena mara moja, kisha mpigie mwandamizi wake. Huko si kumchongea mwenzako. Anaweza kuwa chumba cha upasuaji mikono yake ikiwa ndani ya tumbo la mtu mwingine, na njia pekee ya mgonjwa wako kupata daktari ni wewe kupanda ngazi.

Mgonjwa akiwa chini ya timu mbili, piga kwa timu ambayo jina lake liko kwenye kitanda. Timu hizo zielewane baadaye. Usikubali kurushwa kama mpira kati ya simu mbili huku mgonjwa anapoa.

## Hatua ya 8: Rudi upime kama tiba imefanya kazi

Baada ya dripu, dawa au oksijeni, pima tena vyote ndani ya dakika 15 hadi 30 na ujumlishe upya. Hatua hii huachwa kwa sababu daktari ameshakuja na kila mtu anahisi tatizo limekwisha. Kuja kwa daktari hakujashusha pumzi za mtu.

Kila mpango uandikwe na kikomo chake: mapigo yakibaki juu ya 110 baada ya lita moja ya maji, au oksijeni ikishuka chini ya 92, nani aitwe. Umefanikiwa ikiwa alama inashuka katika vipimo viwili mfululizo na mkojo umeanza kutoka. Ikibaki palepale au ikipanda, piga simu tena, safari hii ukiomba waziwazi mgonjwa ajadiliwe na chumba cha wagonjwa mahututi.

## Hatua ya 9: Kabidhi zamu ukiwa kitandani

Makabidhiano ya mezani hupitisha karatasi. Nendeni wawili kwenye kitanda cha kila mgonjwa mwenye alama 5 na zaidi, na cha kila aliyerudishwa kutoka chumba cha wagonjwa mahututi ndani ya saa 24 zilizopita, kwani hao hurudi nyuma kwa urahisi. Taja alama tatu za mwisho ili mwelekeo uonekane, taja simu zilizopigwa na majibu yanayosubiriwa kutoka maabara, na jina la atakayeyafuatilia.

Kisha anayepokea azihesabu pumzi za mgonjwa huyo mwenyewe, kwa dakika nzima, wakati anayekabidhi bado yupo. Zikipishana na zilizoandikwa, jumlisheni alama upya pamoja kabla yeyote hajavua koti.